Mfuko Kwanza

Jumanne, tarehe 14 Machi, shangazi yangu aliamka saa kumi alfajiri kujiandaa kwa usaili uliopangwa kuanza saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja alikuwa ameirudia kwa pasi sketi ambayo alikwisha kuinyoosha jana yake. Saa kumi na mbili alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti cha sebuleni, mgongo umeachana na kiegemeo, ili blauzi isipate mkunjo. Tulitoka nyumbani saa moja na nusu, tukafika hotelini saa mbili na dakika tano, akaitwa mbele ya wasaili saa tano na nusu. Ilipotimu saa saba kasorobo, mambo yote yalikuwa yamekwisha.

Mtaani alijulikana kwa jina la Bi Kola. Shati lililopita mikononi mwake lilirudi na kola iliyosimama kama imetiwa mfupa, na wateja walikuwa wakisema kwamba hata mlevi akivaa shati la Bi Kola hufanana na hakimu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliimaliza amesimama nyuma ya meza moja ya kupigia pasi, katika duka la dobi lenye dirisha moja na mlango usiofunga sawasawa. Aliwahi kuolewa, lakini si kwa muda wa kutosha kuuita ndoa, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mvuke lililoanza kwenye kifundo likaishia karibu na kiwiko. Miguu yake ilivimba kila jioni. Aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuitazama kama mizigo aliyoachiwa na mtu asiyerudi.

Aliishi nasi katika chumba cha uani, kwa kuwa alikuwa dada wa baba na nyumba ilikuwa ya baba. Mama hakulisahau hilo hata siku moja, wala hakumwacha shangazi alisahau.

Mwezi wa Februari mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Mzee mwenye duka la dobi alitangaza kwamba angefunga mwishoni mwa Machi, kwa sababu wateja walikuwa wamenunua mashine zao na yeye alikuwa amechoka. Kisha kaka yangu akaleta habari kwamba angeoa mwezi wa Aprili. Mama hakuhitaji muda wa kufikiri.

"Wifi," alimwambia shangazi jioni hiyo wakiwa jikoni, "bibi harusi atalala wapi? Juu ya kabati?"

"Nyumba ya kaka yangu haijawahi kukosa pa kulaza mtu."

"Haijakosa. Ila chumba cha uani ni kimoja na wanaokitaka ni wawili. Mmoja ataniletea wajukuu. Mwingine ananiletea nini, wifi? Harufu ya wanga?"

Baba alikuwa ukumbini, akasikia kila neno. Akaongeza sauti ya redio. Hivyo ndivyo alivyokata shauri.

Kwa hiyo tangazo la hoteli lilipobandikwa kwenye ukuta wa posta, shangazi alisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko watu wengine. Hoteli ile ya ghorofa tano ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha nguo, mtu wa kuangalia wafuaji, wapiga pasi na stoo ya mashuka. Atakayeajiriwa angepewa chumba katika jengo la wafanyakazi. Shangazi alilisoma mwenyewe, kisha akaniomba nimsomee sentensi hiyo ya mwisho, apate kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Hakuuliza mshahara. Alitaka mlango ambao ufunguo wake haukai kwa wifi.

Mimi nimesomea ushonaji katika chuo cha ufundi, na mwalimu wetu wa mwaka wa mwisho alitufundisha namna ya kujibu wasaili: usijisifu kwa maneno matupu, taja tukio, eleza ulilofanya, malizia kwa kilichotokea. Nilimshonea shangazi blauzi nyeupe yenye mikono mirefu ya kufunika kovu, na kila jioni kabla ya chakula tuliketi meza ya sebuleni, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili.

"Karibu," nilianza. "Tafadhali, jieleze."

"Nijieleze nini? Wewe hunijui?"

"Shangazi, hapa mimi si mimi. Mimi ni mkubwa wa hoteli."

"Basi mkubwa wa hoteli akae vizuri. Amekunja mguu kama anayengoja zamu ya kusukwa."

Nikakaa vizuri.

"Udhaifu wako ni upi?"

"Miguu."

"Huwezi kuwaambia miguu."

"Umeuliza udhaifu, nimekupa udhaifu. Au unataka nikudanganye?"

Mama, aliyekuwa akimenya vitunguu mlangoni, alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Waambie na mdomo, wifi. Na ukiulizwa umri, kohoa. Ukiwatajia watadhani umekuja kufuata kiinua mgongo."

"Wakiniuliza nimezoea kufanya kazi na watu wa aina gani nitakutaja wewe. Watanipa cheo siku hiyo hiyo."

Mama akacheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa kifupi zaidi.

Shangazi alijifunza upesi kuliko nilivyotarajia. Aliyachukua majibu kwenda nayo kazini akayajaribu juu ya mashati. Mzee mwenye duka aliniambia kwamba alimsikia akiieleza suruali moja ya kijivu kwa nini inafaa imwajiri. Wiki ya pili hakuna swali nililomuuliza lililomkwamisha. Alijifunza kunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Alijifunza kuweka mikono mapajani na kuiacha hapo, jambo gumu kwa mtu ambaye mikono yake haikuwahi kupewa likizo.

Liko jambo moja ambalo hakulipata kwangu, kwa kuwa alikuwa nalo tangu ujana. Mzee mwenye duka, alipokuwa kijana, alifanya kazi kwa dobi mwingine. Siku moja mteja alirudi akidai mkufu wake ulisahaulika mfukoni mwa suruali. Aliyeifua ile suruali alikuwa rafiki wa mzee. Walimtoa nje, wakampiga barabarani mpaka jicho moja likaharibika. Mkufu ulionekana baadaye nyumbani kwa mteja, chini ya mto, na mteja akasema pole. Tangu hapo, mtu yeyote aliyeingia katika duka la mzee alifundishwa jambo hili kabla hajaruhusiwa kugusa pasi: mfuko kwanza. Kabla ya maji, kabla ya moto, mkono unaingia katika kila mfuko. Kinachotoka kinainuliwa juu ya kichwa, na mdomo unataja kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni ni mfuko gani, ni kitu gani na ni vingapi. Hata kama dukani hamna mtu, kinatajwa. "Aliyetaja si mwizi," mzee alisema. "Aliyenyamaza, Mungu amsaidie."

Kwa shangazi jambo hilo lilikuwa limeshuka chini ya akili, likakaa mahali pamoja na kupumua. Nyumbani, akianua nguo za baba, tulimsikia kutoka uani: "Mfuko wa nyuma, vifungo viwili!" Baba alipoapa kwamba ameacha tumbaku, siku ya tatu uani pakatangaza: "Mfuko wa kifuani, sigara moja, imevutwa nusu!" Mama alimnyima baba maneno kwa wiki nzima. Shangazi aliomba radhi kwa machozi. "Kaka, si mimi," alisema. "Mkono ukishika, mdomo umeshasema."

Asubuhi ile ya usaili tulikuta wenzake watatu kwenye benchi, katika ujia ulio karibu na chumba cha nguo. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na kutoka tulipokaa tuliona mashine zikizunguka na wafuaji wakipita na matoroli ya mashuka. Mmoja wa wasailiwa alikuwa binti mwenye cheti kilichowekwa katika bahasha ya plastiki, ambayo hakuiachia hata alipofunga kamba ya kiatu. Wa pili hakusema neno tangu alipokaa. Wa tatu alikuwa mwanamume mnene aliyefua nguo katika hospitali moja. Alikuwa na habari za kila mtu.

"Mnajua nafasi hii imepatikanaje?" aliuliza, na hakungoja jibu. "Aliyekuwepo alipoteza ufunguo wa stoo ya mashuka. Mama wa watu, amefanya kazi hapa tangu jengo linapakwa rangi ya kwanza. Ufunguo umepotea Ijumaa, Jumatatu yuko nje ya geti, viatu vyake kwenye mfuko wa plastiki."

"Kwa ufunguo tu?" binti wa cheti aliuliza.

"Wakasema kauza kwa wezi wa mashuka."

"Na mashuka yameibwa?"

"Hata foronya moja! Lakini ufunguo usipoonekana, dada yangu, lazima aonekane mtu."

Binti aliinua mabega. "Mungu akifunga kwa mwenzio, anafungua kwako."

"Tumekuja kuchukua kazi yake," shangazi alisema taratibu. "Jina lake tumwachie."

Mwanamume wa hospitali alimtazama kwa heshima, kisha akamuuliza ana umri gani. Shangazi akakohoa.

Yaliyotokea ndani ya ofisi alinisimulia baadaye, na sina sababu ya kuyatilia shaka, kwa kuwa hakujipamba. Wasaili walikuwa wawili: Mkuu wa Utumishi, bwana wa tai nyembamba mwenye simu mezani, na Mkuu wa Vyumba, mama mtu mzima aliyevaa miwani yenye mnyororo. Shangazi alijieleza bila kujikwaa. Alipoulizwa udhaifu wake, alisema kwamba hapendi kukabidhi kazi asiyoikagua, kwamba zamani hilo lilimchelewesha, na kwamba mwaka uliopita, duka lilipopata nguo za harusi za familia tatu kwa siku moja, alijifunza kumgawia mwenzake kazi na yeye kukagua kola tu. Nguo zote zilitoka kwa wakati. Mkuu wa Vyumba aliandika kitu, akatabasamu.

"Mama," Mkuu wa Utumishi alisema, "kwa umri huo, ngazi utaziweza? Lifti hapa ni ya wageni."

"Ngazi hazinijui kwa umri, bwana. Zinanijua kwa mzigo."

Jibu hilo sikumpa mimi. Mkuu wa Utumishi aliagiza litolewe kapu la mashuka mabichi, akamwambia alipandishe mezani. Akalipandisha. Akamwambia alishushe. Akalishusha. Simu yake ikalia, akaongea na kucheka na mtu, na alipomaliza akasema hakuona vizuri, alipandishe tena. Shangazi alilipandisha tena, akarudisha mikono mapajani. Maji yalikuwa yamepenya kwenye blauzi mpaka kovu likaonekana.

"Una nguvu," alisema Mkuu. Hakuomba radhi, wala hakuwa na kinyongo. Alikuwa mtu anayejaribu kiti kabla ya kukinunua.

Baada ya hapo wakaja chumba cha nguo kwa mtihani wa vitendo, na sehemu hiyo niliiona kwa macho yangu kutoka kwenye benchi. Wenzake watatu walikuwa wamepewa mashati ya wahudumu. Lilipoletwa la nne, Mkuu wa Utumishi alilisukuma kando.

"Shati ni kumdharau bi mkubwa," alisema. "Kwa majibu yale, apewe koti. Nileteeni lile langu lililo nyuma ya mlango wa ofisi. Limening'inia pale tangu mwezi uliopita, limekunjamana kama uso wa mdai."

Wafuaji walicheka kama inavyopasa mkubwa anapofanya mzaha. Mkuu wa Vyumba aliegemea mashine, akimtazama shangazi kwa macho ya mtu aliyekwisha kuchagua. Mwanamume wa hospitali aliniinamia. "Kazi ameshapata shangazi yako," aliniambia. "Sisi tumsindikize tu."

Koti la kijivu likaletwa. Shangazi alilitandaza mezani, akapitisha kiganja juu ya bitana, akaijaribu pasi kwa tone la maji. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni.

"Mfuko wa nje, kulia: hakuna!" alitangaza. "Mfuko wa nje, kushoto: peremende moja, haijafunguliwa!"

Chumba kizima kilicheka, na safari hii kilicheka kweli. Mkuu wa Utumishi mwenyewe alicheka. "Itunze hiyo, bi mkubwa, ndiyo chakula changu cha mchana."

Mkono ukaingia tena, ukatoka, ukapanda juu ya kichwa.

"Mfuko wa ndani, kushoto: ufunguo mmoja, kibao cha shaba, namba nne, stoo ya mashuka!"

Nilimwona akiisikia sentensi yake mwenyewe baada ya kuwa imekwisha kutoka. Mkono ulibaki juu. Mashine moja ilikuwa ikimaliza mzunguko. Ilipunguza mwendo, ikasimama, na hakuna aliyekwenda kuifungua.

"Mama yangu," alisema mfuaji mmoja. "Namba nne si ule..."

"Funga mdomo," mwenzake akamwambia.

Mkuu wa Utumishi alijipapasa koti alilokuwa amelivaa, kana kwamba alidhani ufunguo ule ungekuwa humo pia. "Umeutoa wapi huo?"

"Humu, bwana. Kwenye koti lako."

"Una hakika hukuja nao?"

"Mkuu," alisema mwanamume wa hospitali kutoka mlangoni, "mkono umeingia mtupu. Tumeuona sote."

Mkuu wa Vyumba alikuwa amevua miwani. "Uliuazima siku ya wageni wa mkutano," alisema polepole. "Ulitaka mto wa ziada. Nilikuuliza siku ya pili, ukaniambia umeurudisha. Mimi nikaweka sahihi mama wa watu aondoke."

"Nilidhani nimeurudisha," alisema Mkuu wa Utumishi.

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya mtu aliyesahau mwavuli. Aliuchukua ufunguo kutoka mkononi mwa shangazi, akautazama pande zote mbili, akautia katika mfuko wa suruali, kisha kwa kufikiri akautoa na kumpa Mkuu wa Vyumba.

Hakuna aliyemwambia shangazi aache, kwa hiyo aliendelea. Alianza na bitana, akaja kwenye mikono, akamalizia na kola. Nimesomea nguo na ninajua koti lilivyo gumu: mabega hayataki kulala, ukingo wa mbele hung'aa ukiushindilia. Lile lilitoka kama limeshonwa asubuhi hiyo. Alilitia kwenye hanga, akampa mwenyewe kwa mikono miwili.

"Umefanya vizuri sana," Mkuu wa Utumishi alisema, bila kumtazama. "Tutakujulisha."

Tulirudi kwa miguu. Tulipovuka uwanja wa soko nikamuuliza.

"Shangazi, ulijua kwamba ni ule?"

"Nilijua niliposikia."

"Uliposikia nini?"

"Sauti yangu." Alitembea kidogo. "Sikiliza. Ningepata muda wa kumeza mate tu, ningeuacha humo humo na kumnyooshea koti lake. Usije ukamsimulia mtu kwamba nilikuwa mwema."

Niliahidi. Nyumbani, hata hivyo, hapakuwa na hatari ya mtu kumdhania wema. Mama alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo umekwenda kuomba kazi, ukamtafutia mwenyewe kazi yake."

"Bado hawajajibu, wifi."

"Wajibu nini? Mwenye kiti umemrudisha. Wewe utakaa wapi, mapajani?"

"Dada alisema ukweli," baba alijaribu.

Shangazi alimgeukia. Sijapata kumsikia akizungumza na kaka yake kwa sauti ile. "Ukweli una chumba cha uani, kaka?"

Baba alitazama viatu vyake, akavikuta vina vumbi, akatoka kwenda kuvipangusa.

Alhamisi simu ililia. Shangazi alikuwa anaosha vyombo, akaniashiria niiweke kwenye spika. Alikuwa Mkuu wa Vyumba.

"Mama, nimeona ni haki usikie kutoka kwangu. Ulikuwa wa kwanza. Alama zako ziliwapita wote, na mbali. Ningekuchukua siku ile ile."

"Ahsante, mkubwa."

"Lakini nafasi imefutwa. Wafuaji walisambaza habari jengo zima, ikabidi tumrudishe mwenzetu. Anaanza Jumatatu. Umemwokoa, ujue. Ana watoto, na alikuwa ameanza kuuza vyombo vya ndani."

"Na huyu bwana wa koti?"

"Alisahau, mama. Kila mtu husahau." Kisha, kama mtu anayetoa zawadi: "Majibu yako yalikuwa mazuri sana. Mtu aliyekuandaa alijua kazi yake."

Shangazi aliniangalia, mikono ikidondosha povu. "Yupo hapa," alisema. "Nitamfikishia."

Mama alikuwa mlangoni. Hakuna simu iliyolia nyumbani kwetu bila yeye kuwa mlangoni. "Wa kwanza kati ya wanne," alisema, "na umerudi sawa na wa nne. Kumbe ingetosha kwenda bila kujifunza." Siku hiyo hiyo alikwenda kupima dirisha la chumba cha uani kwa ajili ya pazia jipya. Shangazi alikuwa ndani, amelala. Mama alimwomba asogeze miguu.

Jumamosi mwanamke mmoja alifika kwenye duka la dobi. Nilikuwepo, nikimsaidia shangazi kufungasha mahanga. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na alibeba sare ya hoteli mkononi. Alimshika shangazi mikono yote miwili, akalia.

"Dada, sikujui hunijui. Mungu atakulipa."

"Inshallah," alisema shangazi. "Naona foleni yake ni ndefu."

Mwanamke alicheka huku akilia. Alieleza siku alizoitwa mwizi, jirani aliyeacha kumpa salamu, mwanawe aliyepigana shuleni kwa ajili ya jina la mama yake. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alilotaka kusema, na niliona kwamba alikuwa amejiandaa, kwa kuwa alinyamaza kidogo kwanza, kama nilivyomfundisha.

"Nyumba ninayoishi natakiwa kuiacha. Duka hili linafungwa. Kiti chako sikitaki, dada. Nataka meza moja ya pasi chini yako, na kitanda kwenye lile jengo."

Mwanamke aliiachia mikono ya shangazi, taratibu, kwanza mmoja, kisha wa pili.

"Wewe? Chini yangu?" alisema. "Mkuu wa Vyumba alinionyesha lile koti. Kaliomba kwa mwenyewe akalitundika ofisini kwake, anawaonyesha watu." Alifuta macho. "Nitakuangalizia, dada. Pakitokea kitu, wa kwanza wewe."

Kisha, kwa sababu alikuwa ameshika sare na hakujua pa kuiweka, aliinyoosha mbele kidogo. Ilikuwa ya kuanzia kazi Jumatatu. Alikuwa amesikia sifa za kola.

Shangazi aliipokea. Aliingiza mkono mifukoni, akataja kwamba hakuna kitu, akaipiga pasi huku mwenye sare akiangalia. Hakutaka malipo. Kola ilisimama.

Kaka yangu alioa mwezi wa Aprili kama ilivyopangwa. Mama alilikunja godoro la shangazi kwa mikono yake, akalifunga kwa kamba vizuri sana, lisije likafunguka njiani likarudi. Shangazi alihamia chumba alichogawana na mjane mmoja nyuma ya karakana ya magari. Huko alitandika meza yake karibu na mlango akaanza kupokea nguo, lakini masizi ya karakana yaliingia hata mlango ukifungwa, na shati jeupe lililoingia kwake asubuhi lilitoka jioni limenyooka na lina madoa. Wateja wa zamani walivumilia kwa mapenzi. Kisha wakaja mara moja kwa mwezi. Kisha wakawa wanamsalimu kwa mbali, wakipita upande wa pili wa barabara na nguo zao kwapani. Aliulizia hotelini mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa kwamba msimamizi wa chumba cha nguo yuko stoo, hawezi kutoka.

Mwezi Machi wa mwaka uliofuata msimamizi yule alistaafu, na nafasi yake, bila kutangazwa, akapewa binti yake.